Kwa Nini Chanjo Ilinilaza Kitandani na Mwenzangu Akaja na Vitumbua

Kichupa kimoja cha chanjo ya Uviko, yaani korona, iitwayo Janssen kina dozi tano, kila moja nusu mililita, na mchanjaji hapendi kukifungua mpaka watu watano wawe wamekaa kwenye benchi. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi moja ya Agosti 2021, katika hospitali ya Dar es Salaam nilikokuwa nikifanya kazi ya maabara: mimi na Sista Neema wa wodi ya wanawake tulichanjwa kutoka kichupa kimoja, mmoja akiinuka mwingine anakaa. Saa mbili usiku nilianza kutetemeka. Kufikia saa sita nilikuwa nimejifunika mablanketi mawili, viungo vinauma kama vya mtu aliyetwangwa, na mume wangu anauliza kama akatafute bajaji. Asubuhi Neema alipiga simu kuuliza mbona sijafika, kwa kuwa alikuwa amekuja na vitumbua na chai ilikuwa inapoa.

Kabla sijarudi kazini, wodi nzima ilikuwa imekwisha kupata maelezo yake. Mmoja alisema dawa ya juu ya kichupa huwa nyepesi na ya chini huwa nzito, kama uji uliosahauliwa kukorogwa, na mimi nilikuwa mtu wa tano. Mwingine alisema Neema alichomwa maji. Wa tatu alisema kwa sauti ya chini kwamba damu yangu imeikataa chanjo. Metroni, ambaye alianza uuguzi kabla baadhi yetu hatujazaliwa, alisema tu, "Mwanangu, kila mwili na mambo yake," akaendelea kuhesabu glavu.

Mimi nilikuwa na dhana nyingine, na chanzo chake kilikuwa Februari ya mwaka huohuo. Wakati ule ugonjwa ulikuwa hautajwi sana kwa jina lake. Mgonjwa alikuwa na "changamoto ya upumuaji" au nimonia, na nyumba nyingi zilinukia mchaichai na mwarobaini wa nyungu. Takwimu za taifa zilikuwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 tangu mwaka 2020. Niliumwa kwa siku nane. Siku ya tatu niliacha vitunguu jikoni vikaungua mpaka vikawa makaa, na aliyenishtua ni mwanangu wa miaka saba, aliyeingia kutoka uani ameziba pua. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, mwiko mkononi, sisikii harufu yoyote. Sikupimwa. Nilijifukiza, nikanywa tangawizi na malimao, nikarudi kazini, na katika jalada langu la utumishi hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba niliugua.

Tukio hilo la vitunguu ndilo lililonifanya nitake kuona kwa macho yangu. Maabara yetu ilikuwa na kisanduku cha vitendanishi vya ELISA, kipimo cha kutafuta kingamwili (protini za damu zinazopambana na vijidudu), kilichobaki baada ya mafunzo fulani, nacho kilikuwa kinakaribia kuisha muda wake. Siku chache kabla ya kuchanjwa, watumishi wanne tulikubaliana, kwa ruhusa ya mkuu wa maabara, kutoa damu na kugandisha seramu zetu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, kisha kutoa tena wiki tatu baada ya chanjo na kuzipima zote kwa siku moja. Tulikuwa mimi, Neema, mzee mmoja wa idara ya mapokezi aliyeapa kwamba aliugua Uviko "ule wenyewe" mwaka 2020, na mhudumu wa usafi ambaye hakumbuki kulala kitandani hata siku moja tangu ajifungue mtoto wake wa mwisho.

Kwa asiyewahi kuiona, sahani ya ELISA ni kipande cha plastiki chenye visima 96 vidogo, kila kimoja kinaweza kujaa kwa matone machache tu. Chini ya kila kisima pamebandikwa protini ya kirusi, na kwa kipimo chetu ilikuwa protini ya miiba, ile inayokizunguka kirusi cha korona na ambayo karibu chanjo zote zilitengenezwa kwa kuifuata. Ukidondosha seramu, kingamwili zinazoitambua protini hiyo huing'ang'ania, na nyingine zote huondoka na maji ya kuoshea. Kisha unaweka kingamwili ya pili iliyobebeshwa kimeng'enya, unaosha tena, unaweka kitendanishi cha rangi, unasubiri. Kisima chenye kingamwili hugeuka bluu, na tone la asidi huibadilisha bluu hiyo kuwa manjano papo hapo. Nimeifanya kazi hii mara nyingi kiasi kwamba mikono inajua yenyewe, lakini siku ile nilikuwa naangalia visima vyangu mwenyewe, na nakiri kwamba pipeti ilinitetemeka kidogo.

Kisima cha seramu yangu ya kabla ya chanjo kilikuwa na manjano hafifu, kama maji yaliyochovywa jani la chai likatolewa haraka. Cha Neema cha kabla kilibaki kama maji. Cha mzee wa mapokezi nacho kilibaki kama maji, jambo lililomuudhi sana, na cha mhudumu wa usafi kilikuwa na manjano kunizidi mimi. Baada ya chanjo, kisima cha Neema kilikuwa na manjano ya kutosha, wala hakuna aliyehitaji mashine kuliona. Cha mzee kilifanana na cha Neema. Changu na cha mhudumu vilikuwa vimeiva kama mchuzi wa binzari; mashine ilikataa kuvisoma, kwa kuwa vilikuwa vimepita kiwango chake cha juu, na ilibidi tuzimue seramu mara kadhaa ndipo zikapata tarakimu.

Watu wanne si utafiti, na sikuandika popote kwamba nimegundua jambo. Jambo lenyewe, kwamba aliyekwisha ugua huiitikia chanjo kwa nguvu kuliko asiyewahi, lilikwisha kugunduliwa miezi michache nyuma, tena na watu wa kada yetu, kwa sababu watumishi wa afya ndio waliochanjwa kwanza katika nchi nyingi na ndio waliokuwa karibu na sindano ya kutolea damu. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya kile dunia inachojua juu ya chanjo kwa mtu aliyekwisha ugua ilitoka mikononi mwa wauguzi, madaktari na wahudumu waliokunja mikono ya mashati yao mara mbili: ya kwanza wachanjwe, ya pili watolewe damu.

Kwanza sababu. Mtu anapoambukizwa, seli B (aina ya chembe nyeupe za damu) zinazoweza kukishika kirusi huchaguliwa na kunolewa ndani ya tezi za limfu, zile ambazo bibi zetu huziita mitoki zikivimba. Baadhi ya seli hizo hugeuka kuwa viwanda vya kingamwili, na chache kati ya viwanda hivyo huhamia kwenye uboho wa mifupa zikaendelea kuzalisha kidogo kidogo kwa muda mrefu. Nyingine hubaki kuwa seli za kumbukumbu, ambazo hazitoi chochote, zinazunguka tu. Kadiri miezi inavyopita, kingamwili zilizomo kwenye damu hupungua, na ndiyo sababu kisima changu cha kabla ya chanjo kilikuwa na rangi hafifu miezi sita baada ya kuugua. Kumbe seli za kumbukumbu zipo, na kazi ya kunolewa imeendelea kimyakimya. Protini ya miiba ikiingia tena, safari hii kwa njia ya chanjo, hazianzi alifu kwa kijiti. Huamka ndani ya siku chache na kugawanyika kwa kasi ambayo mwili mgeni hauwezi kuifikia. Kwa Neema, sindano ile ilikuwa utambulisho wa kwanza. Kwangu ilikuwa ni kukumbushwa.

Mapema mwaka 2021, watafiti wa hospitali ya Mount Sinai kule New York walieleza matokeo ya watu 110 waliopata chanjo za mRNA, yaani za namna ya Pfizer na Moderna, 43 kati yao wakiwa na kingamwili tangu kabla ya kuchanjwa. Baada ya dozi ya kwanza, walioambukizwa zamani walikuwa na viwango vya kingamwili vilivyozidi vya wenzao kwa mara 10 hadi 45, na hata wale wenzao walipomaliza dozi ya pili, walioambukizwa waliopata moja tu walikuwa bado juu yao kwa zaidi ya mara sita. Katika taarifa hiyohiyo kulikuwa na jambo lililonihusu moja kwa moja: homa, kutetemeka, uchovu na maumivu ya viungo baada ya dozi ya kwanza viliwapata zaidi waliokuwa na kingamwili tayari. Niliposoma hapo nilikumbuka mablanketi yangu mawili.

Kule Maryland, Marekani, walipimwa watumishi wa afya 59, na walitenganishwa walioambukizwa wakaumwa na walioambukizwa bila dalili yoyote. Makundi yote mawili yaliitikia dozi moja kwa nguvu na haraka kuliko wasiowahi kuambukizwa. Nafurahi kila ninapoukumbuka utafiti huo, kwa sababu unamtetea mhudumu wetu wa usafi, ambaye alichekwa siku nzima kwa kuwa na manjano mengi bila kuwahi kukohoa. Los Angeles, katika hospitali ya Cedars-Sinai, zaidi ya watu 1,000 waliochanjwa kwa chanjo ya Pfizer walifuatiliwa, na dozi moja kwa watu 35 walioambukizwa zamani ilitoa kiwango kinacholingana na dozi mbili kwa 228 ambao hawakuwahi. London nako, kati ya watumishi wa afya 51, wale 24 waliokuwa wameambukizwa walipandisha kingamwili zao kwa zaidi ya mara 140 ya kilele walichokuwa nacho kabla ya chanjo. Ufaransa haikungoja sana: tarehe 12 Februari 2021 mamlaka yake ya juu ya afya ilishauri dozi moja tu kwa aliyekwisha ambukizwa, na hivyo kuokoa dozi nyingi wakati ambao dozi zilikuwa haba kama mvua ya Januari Dodoma isipotaka kunyesha.

Hizo zote, hata hivyo, zilikuwa chanjo za mRNA, na mimi na Neema tulichanjwa Janssen. Shehena ya kwanza ya Tanzania ilikuwa dozi 1,058,400 za Janssen, na Rais Samia Suluhu Hassan alizindua uchanjaji kwa kuchanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021. Chanjo hiyo ni ya namna nyingine: adenovirusi (jamii ya virusi vya mafua ya kawaida) iliyodhoofishwa isiweze kuzaliana hubeba maelekezo ya kutengeneza protini ya miiba na kuyafikisha ndani ya seli. Halafu ilikuwa ya dozi moja, kwa hiyo aliyeingia mgeni hakuwa na dozi ya pili ya kumkumbusha. Ndiyo maana utafiti ulionifaa kuliko wote ulitoka bara hilihili, Cape Town, katika hospitali ya Groote Schuur, ileile ambamo moyo wa mtu ulipandikizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967.

Afrika Kusini ilifika kwenye Janssen kwa njia ya mzunguko. Dozi zake za kwanza za AstraZeneca ziliwasili mwanzoni mwa Februari 2021, na kabla hazijaanza kutumika, takwimu zilionyesha kwamba kinga yake dhidi ya ugonjwa mdogo na wa kati unaoletwa na kirusi aina ya Beta ilikuwa ndogo. Serikali ikasitisha, na tarehe 17 Februari ikaanza kuwachanja watumishi wa afya kwa Janssen chini ya mpango ulioitwa Sisonke, neno la Kizulu ambalo Mswahili hulisikia bila mkalimani: sisi sote. Hadi katikati ya Mei zaidi ya watumishi 477,000 walikuwa wamechanjwa.

Watafiti wa Cape Town waliwachukua watumishi wa afya wa makundi matatu: wasiowahi kuambukizwa, walioambukizwa katika wimbi la kwanza la 2020, na walioambukizwa katika wimbi la pili ambalo Beta ndiyo iliyotawala. Wote walipata dozi moja ya Janssen. Walioambukizwa kabla, wa wimbi lolote, walipata kingamwili nyingi zaidi za kuishika protini ya miiba, na pia zaidi za ile aina yenye thamani kubwa, yaani kingamwili zinazozuia kirusi kisiingie kwenye seli, dhidi ya kirusi cha awali, dhidi ya Beta na hata dhidi ya Delta, ambayo ilikuwa haijawafikia wakati walipoambukizwa. Hata hivyo upana wa kinga hiyo ulitofautiana kulingana na wimbi ambalo mtu aliambukizwa. Aliyefundishwa na kirusi cha mwanzo na aliyefundishwa na Beta hawakutoka darasani na somo lilelile, hata baada ya mwalimu wa tatu, yaani chanjo, kupita kwa wote.

Utafiti huohuo una sehemu nyingine ambayo wasomaji wa haraka huiruka. Seli T, ambazo hazionekani kwenye sahani yangu ya manjano na kazi yake mojawapo ni kuziua seli zilizokwisha vamiwa, ziliamka vizuri baada ya chanjo kwa wote, awe aliambukizwa awali au hakuambukizwa. Neema hakuachwa nyuma. Na Sisonke yenyewe ilipotazamwa kwa ukubwa wake wote, dozi hiyo moja ilikuwa imepunguza vifo vya Uviko miongoni mwa watumishi wa afya kwa asilimia 83 na kulazwa hospitali kwa asilimia 67. Kati ya hao wote wamo wengi waliolala usingizi mzuri usiku wa chanjo. Kwa upande wa maudhi madogo madogo, waliokuwa na historia ya kuambukizwa waliripoti zaidi kidogo kuliko wengine. Nasisitiza neno "kidogo", kwa sababu nitalihitaji mbele.

Mzee wetu wa mapokezi anastahili aya yake. Kisima chake cha kabla kilikuwa kitupu, na alipoambiwa alidai mashine imekosea. Huenda hakuwahi kuambukizwa, maana mwaka 2020 malaria na mafua ya kawaida havikwenda likizo. Huenda pia aliambukizwa, na kingamwili zake zikashuka chini ya uwezo wa kipimo, au hazikupanda kamwe, kwa kuwa wapo watu ambao huambukizwa bila kutengeneza kingamwili za kuonekana. Kipimo chetu hakikuweza kuamua. Kipo kipimo kinachosaidia, cha kutafuta kingamwili dhidi ya protini ya nyukliokapsidi iliyomo ndani ya kirusi: chanjo za Janssen, Pfizer, Moderna na AstraZeneca hazina protini hiyo, hivyo aliye na kingamwili zake aliambukizwa kweli, chanjo haihusiki. Sinopharm, iliyokuja nchini baadaye mwaka huohuo, ina kirusi kizima kilichouawa, na aliyechanjwa hiyo huivuruga hesabu yote.

Tatizo hili la kutojua nani aliambukizwa halikuwa la mzee yule peke yake, wala la Tanzania peke yake. Jirani zetu Kenya walipima kingamwili kwa watumishi wa afya 684 kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Desemba 2020, kabla ya chanjo yoyote kufika. Nairobi ilitoa karibu asilimia 44. Kilifi na Busia zilikuwa karibu asilimia 12. Karibu nusu ya watumishi waliopimwa katika jiji moja walikuwa wamekwisha kukutana na kirusi ndani ya mwaka wa kwanza. Uchanjaji ulipoanza pale Machi 2021, kwa AstraZeneca ya dozi mbili, kisha India ikazuia kuuza nje na dozi ya pili ikachelewa, mtumishi wa Nairobi aliyekuwa akiingoja dozi hiyo kwa wasiwasi huenda alikuwa na kinga ya mtu wa dozi mbili tayari, na mwenzake wa Busia aliyekaa kwenye foleni ileile hakuwa nayo. Hakuna aliyeweza kuwatofautisha kwa kuwatazama. Mimi huona kwamba hapa ndipo tulipopoteza zaidi: kipimo cha bei nafuu cha kingamwili kingetuonyesha nani wa kutangulizwa, na tulikitumia kwa tafiti na kwa udadisi wa watu kama mimi.

Nilipoanza kusimulia habari ya sahani ile, swali la kwanza lilikuwa lilelile kila mahali, kantini, kwenye daladala, hata msibani: kama kuugua kunafanya kazi kubwa hivyo, aliyekwisha ugua anachanjwa kwa nini? Ni swali la haki. Utafiti mkubwa wa watumishi wa afya wa Uingereza, uitwao SIREN, ulioanza Juni 2020, ulionyesha kwamba kuambukizwa mara moja kulipunguza uwezekano wa kuambukizwa tena kwa asilimia 84 kwa miezi kama saba. Hiyo si kinga ya kubezwa. Lakini watumishi haohao walipofuatiliwa zaidi, idadi yao ikiwa imezidi 35,000, kinga ya walioambukizwa bila kuchanjwa ilififia baada ya mwaka, ilhali waliochanjwa baada ya kuambukizwa walibaki juu ya asilimia 90 hata pale ambapo ugonjwa wenyewe ulikuwa na zaidi ya miezi 18 nyuma yao. Takwimu hizo ni za kabla ya aina ya kirusi iitwayo Omikroni, nayo ilikuja ikavunja mengi. Ila mpangilio wa mambo ulibaki vilevile: waliokutana na kirusi kwa njia zote mbili walikaa vizuri kuliko waliokutana nacho kwa njia moja. Na yeyote atakayesema basi bora kuugua kwanza, namwomba aje wodini akae na mgonjwa anayetafuta hewa kama samaki aliyetupwa mchangani, halafu tuongee.

Muda nao una sehemu yake. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliwapima watumishi wa afya 1,960 waliochanjwa kwa mRNA, na miongoni mwa walioambukizwa zamani, wale ambao zaidi ya siku 90 zilikuwa zimepita kati ya ugonjwa na chanjo walikuwa na kingamwili zaidi kuliko waliokimbilia chanjo mapema. Tofauti haikuwa kubwa, lakini inapatana na kile tunachojua juu ya kunolewa kwa seli B: kunataka nafasi. Mimi nilikaa miezi sita bila kupanga, kwa sababu chanjo ilikuwa haijafika.

Sasa tahadhari ya mtu wa maabara. Tarakimu za kingamwili za hospitali moja hazilinganishwi na za nyingine ovyo ovyo. Ni sawa na mmoja kupima mchele kwa kibaba na mwingine kwa pishi, kisha wakabishana nani ana mwingi. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo rejea cha kimataifa Desemba 2020 kwa ajili hiyohiyo, lakini tafiti nyingi za mwanzo hazikukitumia. Halafu "mara 140" haimaanishi kwamba mtu amekingwa mara 140. Baada ya kiwango fulani, kuongezeka kwa kingamwili huongeza kinga kidogo tu, kama kuongeza maji kwenye ndoo iliyokwisha kufurika.

Pia kumbukumbu ya kwanza ina ukaidi wake. Mwaka 1960 Thomas Francis, aliyekuwa akichunguza mafua, aliliita jambo hili dhambi ya asili ya kingamwili: mwili hupendelea kumjibu adui wa kwanza uliyemjua, hata anayebisha hodi akiwa ndugu yake tu mwenye sura nyingine. Mwaka 2022 watumishi wa afya wa London waliofuatiliwa tangu wimbi la kwanza walionyesha kitu cha aina hiyo. Walioambukizwa na kirusi cha mwanzo kabisa, wakachanjwa dozi tatu, kisha wakapatwa na Omikroni, hawakupata kutoka kwa Omikroni ile nyongeza ya kinga ambayo wenzao waliokuwa hawajawahi kuugua waliipata. Kirusi cha Februari, kilichotangulia kunisaidia Agosti 2021, kinaweza kuwa ndicho kilichonizibia njia baadaye. Nimelisoma hili mara kadhaa na bado linanisumbua, kwa kuwa linaifanya hesabu ya "aliyeugua ana faida" iwe na tarehe ya kuisha.

Mwaka 2023 wataalamu wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani walirahisisha ratiba: kwa wengi ambao hawajawahi kuchanjwa, dozi moja inatosha, kwa hoja kwamba karibu kila mtu amekwisha kukutana na kirusi angalau mara moja. Kile kilichoanza kama mistari ya rangi kwenye sahani za maabara za New York, London na Cape Town kikawa kawaida ya dunia, na hakuna tena anayeuliza kwenye benchi nani aliugua na nani hakuugua.

Neema aliugua Januari 2022, wimbi la Omikroni lilipopita. Kipimo cha haraka kilitoa mistari miwili, sauti ikamkauka kwa siku nne, akapona nyumbani. Katikati ya mwaka huo alikwenda kupata dozi nyingine, ya Pfizer, na mimi, kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma, nilimwandaa: nilimwambia sasa mwili wake unakumbuka, anunue parasetamoli, awaambie watoto mapema, asijipangie shifti ya asubuhi. Usiku ule niliweka simu karibu na mto. Haikulia. Saa moja na nusu asubuhi nilimkuta kantini, mkono ukimuuma kidogo mahali pa sindano na kingine hana, ameagiza chai ya maziwa na vitumbua vinne. Nilitamani kumpima, lakini vitendanishi vilikwisha muda wake tangu mwaka uliotangulia na vilikuwa vimeteketezwa. Metroni aliposikia yale niliyokuwa nimemtabiria, alicheka mpaka akashika ukuta.